Pombe ya Mtama Imerudi Ulaya

Kabla ya maji na kabla ya moto, kazi inaanzia kwenye meno. Mama anayepika pombe hapa Ulaya, kata iliyo kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa, anachota mtama mwekundu kiganjani, anachagua punje moja na kuiuma kwa meno ya mbele huku ameinamisha kichwa asikilize. Punje nzima ya msimu huu hukatika kwa mlio mkavu. Iliyotobolewa na wadudu hubonyea na kuacha unga ulimini, na gunia lenye punje nyingi za namna hiyo halinunui hata apunguziwe bei. Punje isiyoweza kuota haiwezi kuwa kimea, na pasipo kimea hakuna pombe ya mtama.

Vilabu vingi vya Mikumi na Kilosa siku hizi huuza komoni na kangara. Mahindi yanapatikana kila mahali, na sukari inayotiwa kwenye kangara huharakisha mambo. Yeye mwenyewe alipika komoni kwa miaka mingi na akasomesha watoto kwa fedha yake. Alirudi kwenye mtama wazee wa Kisagara walipomwomba awapikie ya tambiko, kwa sababu komoni haikuwaridhisha. Ilipobaki kidogo akawauzia majirani, na majirani wakarudi kuulizia. Kurudi huko hakukuwa na tangazo wala chupa yenye nembo mpya. Watu walikumbuka ladha, na alikuwepo mtu mmoja ambaye bado alijua namna ya kuipata.

Mtama uliochaguliwa unapetwa kwa ungo, unaoshwa, kisha unalowekwa kwenye ndoo usiku kucha. Mapepe yanaelea na anayaengua kwa kata. Asubuhi anaumwagia kwenye gunia lililolowa, analikunja na kuliweka kwenye kona yenye giza ya jiko. Kuanzia hapo kuna siku nne hivi ambazo asiyejua angesema hakuna kinachofanyika. Yeye hunyunyiza maji asubuhi na jioni, na kila mara huingiza mkono hadi katikati ya gunia. Joto linalozidi huozesha punje, kwa hiyo akilisikia limepanda anaufungua mtama, anautandaza, anaugeuza na kuufunika tena. Vijizizi vyeupe vinaanza kusokotana, na chipukizi likifikia karibu urefu wa punje na nusu, anausimamisha. Likirefuka zaidi, anasema, linakula utamu wote.

Anaanika juani kwa siku mbili au tatu, kisha anakaa chini na kusugua kimea kati ya viganja mpaka vijizizi na machipukizi yote yametoka, na kukipeta tena. Hatua hii haina mkato. Mfugaji yeyote anajua kwamba mtama mchanga huua ng'ombe. Sumu hiyo hiyo imo kwenye machipukizi. Nilimwona akirudia rundo ambalo mimi ningeliona safi kabisa, akitoa nyuzi nyembamba mojamoja.

Kimea kikikauka vizuri hulika kama kilivyo, kitamu na chepesi mdomoni. Hakipeleki mashineni, kwa kuwa mashine inasaga laini mno na pombe inakuwa na tope. Anakivunjavunja kwenye jiwe la kusagia alilorithi kwa mama mkwe wake, chengachenga. Mtama mwingine, ambao haujaoteshwa, ndio unaokwenda mashineni. Kwa huo anapenda Macia, mweupe na mwingi wa unga; mwekundu wa kienyeji anauacha kwa kimea kwa sababu ya rangi na ule uchungu kidogo unaobaki kooni. Macia si mgeni wilayani humu. Kituo cha utafiti cha Ilonga, jirani na Kilosa mjini, ambacho sasa ni TARI Ilonga, kimeshughulikia mbegu za mtama kwa miaka mingi: Tegemeo, Pato na Macia, na mwaka 2002 zikatoka Hakika na Wahi, zinazohimili gugu la kiduha. Mpika pombe huyu anazungumza juu ya mbegu hizo kwa kina kuliko wengi wanaozilima, maana yeye anazijua mpaka ndani ya chungu.

Unga huo unachanganywa na maji na konzi ya kimea, unafunikwa na kuachwa mpaka uchachuke. Kesho yake anafunua na kunusa. Harufu anayoitaka ni ya uji uliolala, kali lakini safi. Ndipo pipa linapandishwa kwenye mafiga, maji yanachemka, na mchachuko unamiminwa polepole huku mwiko mrefu ukizunguka. Kuni zake ni nene na kavu, na moto ni wa wastani. Kwa saa nzima na zaidi hauachi mwiko. Unapita ukutani, unashuka, unakwangua chini, unapanda. Mahali mwiko usipofika kwa muda mfupi tu ndipo panapoungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Binti yake alipompokea na kuanza kukoroga kwa kasi, mama yake alimwambia tu, "Taratibu, mama. Sikiliza chini." Binti akapunguza, na mwiko ukaanza kugusa tako la pipa.

Sasa inakuja hatua ambayo ningesafiri tena kuja kuitazama. Uji umeiva, mzito kiasi kwamba mwiko unasimama wenyewe. Moto unaondolewa. Anasubiri. Bia za kiwandani hupimiwa joto kwa kipimajoto, na wenye ujuzi hulenga nyuzi 60 na kitu ili kimea kigeuze wanga kuwa sukari. Likizidi sana, nguvu ya kimea inakufa, likipungua, kazi inasuasua. Yeye anapitisha kidole juu ya uji na kukitoa upesi. Bado. Anazungumza na jirani, anamjibu mtoto aliyekuja na "Shikamoo, bibi", anarudi, anapitisha kidole. Bado. Mara ya tatu hasemi kitu, anavuta beseni la kimea na kuanza kunyunyiza huku akikoroga. Kwa dakika chache hakuna mabadiliko. Kisha mwiko uliokuwa umesimama unaanza kulala. Uji unalegea, unang'aa, unateleza, mpaka unamiminika kutoka kwenye kata bila kukatika. Hakuongeza hata tone la maji. Ukionja mwanzo ni ugali laini. Ukionja baadaye ni togwa, na watoto wanajua saa hiyo, kwa maana walikwisha kujipanga na vikombe.

Mwaka 1857 Richard Burton alipita bonde la Mto Mkondoa, unaopita Kilosa, akielekea Ziwa Tanganyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza pombe ya nchi alizopita: nafaka nusu iloweshwe mpaka iote, itwangwe, ichanganywe na nusu iliyosagwa, ichemshwe mara mbili tatu kwenye vyungu vikubwa, ichujwe kwa mfuko wa kusuka. Kazi ninayoitazama Ulaya ni hiyo hiyo, pipa likiwa limechukua nafasi ya chungu. Wanawake walioibeba miaka yote hiyo, mkono kwa mkono, vitabu haviwataji majina, na kwangu hilo linauma.

Togwa inachemshwa tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka rangi inakuwa ya udongo mwekundu. Inalala ikipoa. Alfajiri, ikiwa imefikia vuguvugu la maji ya kumwogeshea mtoto, anatia kimea cha mwisho, ambacho hakipiti motoni, pamoja na kata moja ya mashapo ya pombe iliyopita. Humo ndimo hamira inamotoka. Anafunika kwa ungo na gunia na kukataza mtu kulisogeza pipa. Ifikapo mchana unasikia mchemko mdogo bila moto, na povu linapanda, linapasuka na kupanda tena. Anaweka sikio karibu. Sauti ikiwa ya haraka, bado ni tamu. Ikianza kupungua, ni wakati wa kuchuja.

Chujio lake la ukindu limeshonwa upya mara nyingi. Wawili wanalikamua kwa kulisokota kila mmoja upande wake, pombe inatiririka nzito na ya waridi, na machicha yanakwenda kwa nguruwe wa jirani. Anaonja yeye kwanza mbele ya watu, kama desturi inavyotaka, kisha mzee aliye karibu.

Pombe hii haiwekwi. Hata Chibuku ya kiwandani, ndugu yake wa pakiti, huendelea kuchacha ndani ya boksi lake. Hii ya pipa ina jioni moja nzuri na asubuhi moja ya kuvumilika, na baada ya hapo haiuzi, hata mteja akisisitiza. Waliochelewa wanasimama mlangoni na makopo yao wakimbembeleza.

"Imekwisha, baba. Njooni Jumamosi ya wiki ijayo. Mtama nimeuloweka juzi."