Panga la Kufuliwa: Tazama Makali, Achana na Mng'aro

Gulioni watu wengi huchagua panga kwa mng'aro. Hulinyanyua juani, wakaligeuza mara mbili, wakalipa. Lakini kung'arisha ni kazi rahisi kuliko zote: mwenye mashine ya kusagia huimaliza kwa dakika chache. Kinachomtambulisha mhunzi ni kimoja, nacho hakionekani kwa mbali: makali yawe magumu, mgongo ubaki laini. Panga gumu kotekote hukatika likigonga kisiki. Lililo laini kotekote limekwisha kuwa butu kabla jua halijafika utosini.

Tatizo hilo ni la wahunzi wote duniani. Mafundi wa panga za vita wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang huko China, walilikabili kwa kubana kipande kigumu katikati ya vipande laini, wakavifua vikawa kitu kimoja. Ukinoa, kile kigumu ndicho kinachochomoza kwenye makali. Sisi wa Kagera tuna historia yetu. Pande hizi za Biharamulo na Uzinza, mabingwa wa chuma walikuwa watu wa jamii ya Warongo, na katika karne ya 19 majembe ya huku yalifika Usukuma na Unyamwezi, yakitolewa hata mahari. Kwa Wahaya, katikati ya miaka ya 1970, wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi ya kuyeyusha chuma walijenga tanuri upya mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt: udongo wa kichuguu, majani ya kinamasi yaliyochomwa, mkaa, na mirija ya udongo iliyopenyezwa ndani kabisa ya tanuri. Yeye na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija hiyo kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine walibisha. Kwangu la maana zaidi ni kilichotoka tanurini: pande lisilo sawa, huku laini, huku gumu karibu na chuma cha pua. Mhunzi ilimpasa ajue kipi kinafaa wapi.

Siku hizi hakuna anayeyeyusha mawe. Malori yanayopita Nyakanazi kwenda Rusumo huacha springi zilizovunjika, na springi ni chuma kizuri sana cha panga. Nondo ni hadithi nyingine. Hufulika kirahisi na hupendeza, ila matiko hayashiki. Muulize fundi alianza na nini. Akisita, mwombe aguse mabaki ya chuma hicho kwenye mashine: cheche za springi hupasuka na kutawanyika kama vichaka, za nondo huruka ndefu zenye matawi machache.

Sasa matiko yenyewe, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Fundi mzuri hupasha makali hadi yawe mekundu, akayazamisha peke yake kwenye maji au oili chafu, mgongo ukabaki juu na moto wake. Kisha huyatoa, akayasugua upesi mpaka yang'ae kidogo, akangoja. Joto la mgongo hushuka polepole kuelekea makali, na rangi hutembea nalo: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Akiona ile aitakayo imefika kwenye makali, huzamisha tena. Wa haraka hutumbukiza panga zima mara moja na kukuuzia kioo.

Beba tupa ndogo. Ipitishe kwenye makali kwa wepesi: ikwaruze kwa shida, karibu iteleze. Ipitishe mgongoni: iume. Ikiuma pote, hakuna matiko. Halafu kagua ukingo wa makali kwa karibu sana, ukitafuta doa la buluu, hata la ukubwa wa ukucha. Hilo ni kovu la mashine ya kusagia: chuma kilipata moto kupita kiasi wakati wa kunolewa, na mahali hapo pamelainika. Panga lililofuliwa wiki nzima huharibiwa namna hiyo kwa nukta chache, na muuzaji atakuambia ni urembo.

Mengine ni mepesi. Panga lipungue unene taratibu kutoka mgongoni hadi makali, na kutoka shingoni hadi nchani. Unene ulio sawa pote ni dalili ya bamba lililokatwa tu. Alama za nyundo zisikutishe, bali ufa, hata mwembamba kama unywele, ndiyo sababu ya kulirudisha. Ligonge kwa kidole: mlio mkavu, uliokatika, una ufa ndani yake. Msuka uwe mrefu, upenye mpini wote na kukunjwa mwishoni. Ule mfupi uliobandikwa kwa gundi utakuachia mpini mkononi na panga likiwa hewani.

Ukilipenda, lichukue bila kunolewa. Mwambie fundi asiliguse tena kwa mashine, nawe utalinoa nyumbani kwa jiwe na maji.