Mkereketwa na Mpitisha-Wakati katika Karata za Mtandao

Mchezo wa karata wa Hearthstone, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2014, hulaumiwa na wakereketwa kwa wepesi wake: mchezaji hawezi kutupa karata katika zamu ya mwenzake. Lawama hii ni ya juujuu. Ugumu haukuondolewa; ulihamishiwa katika uteuzi wa karata 30 kabla ya pambano. Kinyume chake ni mchezo wa Artifact wa Valve (2018), kazi ya Richard Garfield, yuleyule aliyebuni Magic. Humo pambano moja hupiganwa katika nyanja tatu, na mchezaji alitozwa takriban dola 20 kabla hata ya kuonja. Wapitisha-wakati wakaukimbia, wakereketwa waliobaki, pamoja na ujuzi wao wote, wakapungukiwa na wapinzani, hata Valve ikaacha kuuendeleza mwaka 2021.