Leva mpya kwenye shafti iliyokwama

Mlioitazama hadi mwisho video ile ya fundi anayetengeneza Mercedes E350 mliona gari linawaka, taa ya injini imezimika, na fundi anacheka. Kwangu kazi ilishaharibika kitambo, pale alipoinua leva ya plastiki iliyokatika, akasema "mchawi ndiye huyu," akaitupa kwenye ndoo.

Leva ile ilivunjwa na nini? Hakuuliza. Kwenye injini ya gari hilo, M272, vakyumu inavuta diaframu, diaframu inavuta leva, leva inazungusha shafti yenye vali ndani ya manifoldi. Mvuke wa oili unaotoka kwenye injini unapita humo humo, unaganda, unakuwa masizi, vali zinakaza. Diaframu haijui hilo, inaendelea kuvuta. Kinachosalimu amri kwanza ni plastiki.

Sasa rudini pale anapofunga leva ya alumini. Tundu halikukaa sawa, akachukua koleo akaisukuma shafti. Ilisogea kidogo, ikabaki pale pale alipoiacha. Manifoldi ilikuwa mezani, reli ya petroli imeshatolewa, kazi yote ngumu imekwisha. Shafti yenyewe ikamwonyesha kwamba imekwama, naye akakaza skrubu. Pampu ya mkono ya vakyumu ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma yake. Angeichomeka kwenye diaframu angeona leva inajivuta kwa taabu, au haiendi kabisa.

Leva ya chuma haitakatika, nakubali. Lakini nguvu ile ile sasa itatafuta pengine pa kuvunja: ncha ya shafti, au vali zenyewe. Na kipande kikikatika humo ndani, kinaelekea kwenye silinda.

Wapo watakaosema kodi ya hitilafu kwenye skana ilikuwa P2006, na P2006 imeondoka. Nimewachoka mafundi wa skana na sitaacha kuwasema. Kompyuta inasoma sumaku na sensa iliyoko kwenye ncha ya shafti, basi, masizi haiyaoni. Inakwambia vali za upande wa kwanza zimebaki zimefungwa. Kwa nini zimebaki hivyo, hiyo ni kazi ya mkono wa fundi. Tena aliifuta kodi gari likiwa limesimama, hakulitoa hata getini.

Kwa haki yake: mipira ya vakyumu aliiwekea alama, gasketi aliweka mpya, na bolti alizikaza kuanzia katikati.

Lakini kuna walioanza na mkono: Joginder Singh alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa rali, na mwaka 1965 alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Mafundi wa zama zake, zama za kabureta, walianza kwa kuitikisa shafti ya throto kwa vidole kabla ya kufungua hata skrubu moja. Hawakuwa na skana ya kuwafikiria.

Na sina ugomvi na leva ya alumini. Mercedes haiuzi leva peke yake, inauza manifoldi nzima, na bei yake inajulikana. Kilichokosekana ni kopo la dawa ya kusafishia kabureta, brashi, na subira ya kusugua mpaka shafti izunguke kwa kidole kimoja. Sasa gari likirudi, mteja ataambiwa anunue manifoldi hiyo hiyo aliyokuwa anaikwepa, na hela ya leva haitarudi.