Jirani Kaenda Wapi Kwenye Picha?

Vijana wetu wenye kamera wana mtindo wanaoupenda: mtu mmoja kasimama, unaweza kuhesabu hata nyuzi za shati lake, halafu nyuma yake kila kitu kimelainika kama uji. Ile si picha moja, bwana. Ni ishirini, hata thelathini, zimeshonwa pamoja kwenye kompyuta.

Umepewa jina la Ryan Brenizer, mpiga picha za harusi wa New York aliyeutangaza. Kazi yenyewe: chukua lenzi ya milimita 85, fungua tundu lake mpaka mwisho, mlenge mtu, ufunge fokasi isihame. Mwanga na rangi panga kwa mkono. Mpige yeye kwanza, maana ndiye atakayechoka kusimama. Kisha, bila kuondoka ulipo, geuza kamera polepole, kila kipande kikilalia kidogo kile cha pembeni. Programu inavishona. Unapata eneo pana na ukungu mzito kwa pamoja, kitu ambacho lenzi za kawaida hazitoi kwa pigo moja.

Uzuri wake naukubali. Picha ya karibu humbana mtu. Hii inampa nafasi, anga la Turkana linaingia lote.

Lakini hapa Kakuma mtindo huu una shida yake: hautaki watu. Vipande hupigwa kimoja kimoja, na mtoto akikatiza katikati anatoka na mguu mmoja, au anatokea mara mbili. Ndiyo maana mpiga picha anapaza sauti, "Hebu tokeni hapo!" Foleni ya maji inasogezwa, bodaboda inasubiri. Baadaye picha inaingia kwenye ripoti, na msomaji wa mbali anaona mkimbizi peke yake kwenye eneo tupu. Upweke ule umetengenezwa. Lini uliona kambi hii tupu, hata jua la saa nane?

Fazal Sheikh alipiga picha katika kambi za Kenya, Tanzania na Malawi miaka ya 1990, akazikusanya katika kitabu *A Sense of Common Ground* (1996). Ni nyeusi na nyeupe. Mtu anasimama na wa kwake, wanakutazama, na majina yao yameandikwa. Mimi zile zinanishika zaidi.

Sisemi ukungu ni dhambi. Yupo jirani asiyetaka kuonekana, na ana sababu zake. Huyo ukungu unamsitiri. Ila aulizwe, asifutwe tu kwa sababu lenzi ni ya bei.

Na wale wanaotaka kuonekana? Wapange kwenye upinde mdogo, wote umbali mmoja na kamera, na kila mmoja aingie mzima ndani ya kipande chake. Fokasi ile ile itawashika wote. Mama, dada yake, jirani wa mlango wa pili na ndoo yake, wote wazi, mabati yakififia huko nyuma. Nasubiri kijana mmoja wa hapa aipige hiyo.