Misingi ya Mazingira na Suala la Nani Mwenye Msitu

Katika madarasa ya itikadi na semina za makada limezoeleka somo la mazingira lenye amri tano au sita: panda miti, usichome moto ovyo, usilime kando ya mto, usikate mikoko, tumia jiko banifu. Hakuna amri hata moja kati ya hizo iliyo mbaya. Ubaya uko katika kile kinachoachwa. Somo hilo linamwona mkulima kama mkosaji anayengoja kuonywa, na msitu kama kitu kisicho na mwenyewe wala historia. Makala haya yanaihakiki misingi hiyo kwa kutazama hali halisi ya Kilwa na pwani ya Lindi.

Tuanze na maandishi yenyewe. Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1997, ambayo baadaye ilifuatwa na Sera ya mwaka 2021, ilitaja matatizo sita makubwa: uharibifu wa ardhi, ukosefu wa maji safi, uchafuzi wa mazingira, kupotea kwa makazi ya wanyamapori, kuharibika kwa mifumo ya maji, na ukataji wa misitu. Yote sita ni hali ya vitu. Hakuna hata moja linaloeleza uhusiano wa watu na watu katika kuvitumia vitu hivyo. Ni kweli sera hiyo ilizungumzia umaskini na ushiriki wa wananchi, lakini kada aliyeikariri orodha ile sita bila kwenda mbele alitoka darasani akijua kinachoharibika, asijue ni nani anayenufaika na uharibifu huo.

Wakoloni hawakuwa na shaka juu ya suala hilo. Wajerumani walitenga mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1898, wala si kwa sababu ya huruma kwa kamba na kaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuja na mpango wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaling'oa pori, ardhi ikaachwa uchi, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Mkulima wa Nachingwea hakuulizwa mvua hunyesha lini. Huo ndio utaalamu unaopangiwa ofisini ng'ambo.

Lakini tusiishie kwa mabeberu, maana lawama kwa mkoloni imekuwa kichaka cha kujifichia. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa katika mto Rufiji. Kwa mwananchi wa Kilwa na Lindi aliyezoea kulala njiani akingoja kivuko, daraja lilikuwa ukombozi. Njia hiyo hiyo ilipitisha magogo. Utafiti uliochapishwa na shirika la TRAFFIC mwaka 2007 ulionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mrabaha yaliyostahili kukusanywa yalipotea, na kwamba mazao ya misitu yaliyoandikwa kuingia China kutoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale yaliyoandikwa kutoka hapa. Mwanakijiji aliyeonyesha mti na kubeba gogo alipata fedha ya chumvi na sabuni. Ziada iliyobaki ilikwenda kwa mfanyabiashara, kwa dalali, na kwa wenye nyadhifa. Utafiti haukuwasamehe viongozi. Ni wazi kwamba amri ya "panda miti" isingezuia hata lori moja. Aliyekosekana pale ni mwenye mali mwenye nguvu ya kisheria ya kusimama mbele ya lori.

Mwenye mali huyo alikuwa anatengenezwa taratibu, tena katika njia yenye ukinzani mkubwa. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba watu wote vijijini wahamie katika vijiji, na kazi hiyo ikafanywa kwa haraka, mahali pengine kwa nguvu. Watu wengi waliwekwa pamoja, mashamba yakawa mbali, na udongo na miti iliyozunguka makazi ikachoka. Anayekataa kulisema hili hafanyi kazi ya nadharia. Hata hivyo zoezi hilo hilo, kupitia Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, liliipa jamii ya vijijini chombo chenye sura ya kisheria. Bila kijiji hicho, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zisingekuwa na pa kushika.

Kikole, wilayani Kilwa, ni ushahidi. Kijiji kilitenga msitu wake kwa sheria, kikaweka mpango wa uvunaji, na mwaka 2009, kikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa, kikaingia katika cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mrabaha wa msitu wa kijiji ni wa kijiji. Mpingo ni ule ule, na wanunuzi wake ni wale wale watengenezaji wa zumari za Ulaya. Kilichobadilika ni nani anayepanga bei na nani anayepokea fedha.

Tusiipambe Kikole kupita kiasi. Cheti hutolewa na wageni na soko liko kwao. Kujitegemea kwa namna hiyo kuna mguu mmoja nje. Tena msitu una mshindani aitwaye ufuta, ambao hustawi katika shamba jipya na hulipa ndani ya msimu mmoja. Wako pia wafugaji waliohamishiwa kusini baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Nao ni wananchi. Kuwaita wavamizi ni njia ya mkato ya kukwepa kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi.

Na mji je? Mkazi wa Mtanda, Lindi mjini, anaponunua mkaa, bei anayolipa ina gharama ya gunia, ya usafiri na faida ya muuzaji. Mti wenyewe mara nyingi umehesabiwa bure. Kwa maneno mengine, kijiji kinaufadhili mji. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni zuri, lakini mchoma mkaa aliyepoteza soko bila kupewa sehemu katika msitu atalima ufuta palepale.

Kwa hiyo kada anayetumwa Kilwa kufundisha mazingira aanze na daftari. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Asimame aombe kusomewa idadi ya miti iliyovunwa, jina la mnunuzi, fedha iliyoingia na ilikokwenda. Mahali ambapo daftari halipo, somo la kupanda miti lisubiri.