Panya wa Waashi
Apitaye katika njia za New York, akamwona mbele ya jengo lijengwalo panya wa turubai aliyejazwa upepo, kimo chake chapita watu wawili, macho mekundu na tumbo limejaa vidonda, asidhani ni mchezo wa watoto. Maana huyo ndiye Scabby, aliyezaliwa Illinois mwaka 1990 kwa hima ya waashi, ili kumfedhehesha hadharani tajiri aajiriye vibarua kwa ujira hafifu.

Nawapongeza kwa dhati mafundi wamsimamishao mbele ya jengo: feni yavuma chini yake bila kukoma, mshono wa ubavuni watweta, naye mwenzao agawa karatasi za madai. Mwaka 2021 bodi ya kazi ya serikali ya Marekani iliamua kwamba kumsimamisha pale ni halali.