Utu na Ukanaji Mungu katika Kichwamaji

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), husomwa mara nyingi kama onyo: Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, aipoteza imani, kisha ajitoa uhai. Usomaji huu wajengwa juu ya dhana isiyothibitishwa, kwamba asiyemwamini Mungu hana msingi wa maadili. Hapo mambo mawili yamechanganywa. Kumkana Mungu ni kauli kuhusu ulimwengu ulivyo. Utu ni msimamo kuhusu namna binadamu apaswavyo kuishi na mwenzake. Kauli ile haiuzai msimamo huu, wala haiuzuii.

Lugha nayo imeuchangia mkanganyo huo. Neno kafiri, ambalo humjia msemaji upesi, ni hukumu ya mwamini. Halielezi mhukumiwa ashika lipi na kulitenda. Neno utu latokana na mtu, na wahenga walinena kuwa utu ni kitendo.

Kwa kipimo hicho, anguko la Kazimoto laonekana mahali pengine. Manase ampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto; naye Kazimoto adhamiria kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Sabina hakumkosea. Katika njama hiyo yeye si mtu tena, bali chombo cha kumwumizia nduguye. Hapo ndipo utu uvunjikapo, ingawa baadaye Kazimoto ampenda na kumwoa. Tena kisasi si mali ya wakanaji Mungu pekee. Waumini pia hulipizana.

Wahakiki wengine huulaumu udhanaishi. Yafaa ikumbukwe kwamba Jean-Paul Sartre, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945, alidai kuwa falsafa hiyo ni falsafa ya utu: pasipo Mungu, mtu ajichaguliapo njia huwa amewachagulia wanadamu wote, na jukumu lake huzidi. Kazimoto aupokea upweke wa hoja hiyo, asiupokee wajibu wake.

Shaaban Robert atoa mfano wa upande wa pili. Katika maandishi yake utu wategemea imani. Hata hivyo, Utubora wa Utubora Mkulima astahili jina lake kwa kuiacha kazi ya mshahara mjini, akalima na kuishi vema na jirani. Msingi ni mwingine, kipimo ni kile kile.

Upungufu wa Kichwamaji ni kwamba haimweki kando ya Kazimoto mkana Mungu mwingine mwenye utu uliokomaa. Hivyo msomaji huachiwa mwanya wa kudhani kuwa hakuna. Lakini kosa la kuujaza mwanya huo kwa hukumu ni la msomaji. Riwaya yenyewe haikuandika kwamba Kazimoto aliangamia kwa kukosa Mungu. Imemwonyesha akimkosa mtu, naye yu mbele yake.